Utangulie Mpira: Mwongozo kwa Wapiga Picha wa Mechi za Wanafunzi Kalima

Mwongozo huu umeandikwa kwa mpiga picha wa mji wa Kalima, mkoani Maniema, ambaye kamera yake moja ndiyo inayolisha nyumba. Jumamosi yuko arusini, Jumatatu anapiga picha ndogo za kadi na fomu za shule, na alasiri ya Jumapili anaitwa uwanjani kwa sababu timu ya chuo inacheza na vijana wa mtaa, au sekondari mbili zinagombea kombe. Arusini watu husimama wakamngoja. Uwanjani hakuna anayemngoja. Mshambuliaji akishapita amepita, na hata umwombe vipi hatarudi kupiga kichwa kile kile mara ya pili.

Wengi wetu tulipoanza tulifanya kosa moja: tuliukimbiza mpira. Jicho linaufuata, kamera inalifuata jicho, na kidole kinabonyeza pale tunapouona umefika. Tukirudi nyumbani tunakuta picha mia nne za migongo, visigino, na nyavu ambazo mpira umeshatulia ndani yake. Kosa halikuwa la kamera. Kasi hukamatwa na mtu aliyetangulia kufika mahali kitendo kitakapotokea, akakaa, akapima mwanga, akangoja.

Eadweard Muybridge alilifahamu hilo mwaka 1878 huko Palo Alto, California, alipotaka kuonyesha kama farasi akitimka kuna wakati miguu yake yote minne huwa hewani. Hakumfuata farasi na kamera. Alizipanga kamera mstarini kando ya njia, akatandaza nyuzi, na farasi alipozipita akazivuta nyuzi na kujipiga picha mwenyewe. Yanayofuata hapa yote ni namna ya kutandaza nyuzi zako kwenye uwanja wa udongo mwekundu kabla farasi hajapita.

Kabla ya filimbi

Kazi huanza siku mbili mapema. Nenda kwa prefe wa shule au kwa viongozi wa michezo wa chuo, ueleze kwamba utakuja, utakaa wapi, na picha zitatumiwaje. Omba karatasi ya ruhusa yenye muhuri hata kama kila mtu pale anakujua. Kwenye nchi yetu kamera huulizwa maswali mengi, na muhuri huyafupisha. Siku hiyo hiyo mpatane bei, idadi ya picha, na nani atalipa: shule, timu, au kila mchezaji kwa picha yake. Mpatano wa mdomo ukifika baada ya timu kufungwa huwa na masikio mazito, kwa hiyo uandikwe na pande zote mbili zitie sahihi.

Chaji betri tangu usiku uliotangulia, popote penye umeme wa kutegemewa. Kama una betri moja tu, zima kabisa ile tabia ya kamera kukuonyesha kila picha mara baada ya kuipiga, kwa maana kioo hunywa umeme mwingi. Kadi iwe tupu. Mimi mwenyewe niliwahi kukosa penalti ya mwisho ya fainali kwa sababu kadi ilikuwa imejaa picha za arusi ya jana yake. Nilikuwa nimepiga goti mahali pazuri, mwanga nimeupima, nikabonyeza, kamera ikakataa. Kipa aliruka upande wake wa kushoto akaudaka mpira. Sina picha yake, naye hana.

Siku ya mechi fika saa nzima kabla. Mtafute kapteni wa kila timu, mwandike pamoja majina na namba za wachezaji, kisha uipige picha karatasi yenyewe. Hiyo iwe picha ya kwanza kwenye kadi, nayo haitapotea kama karatasi inavyopotea mfukoni. Jezi zisizo na namba ni jambo la kawaida kwetu. Hapo piga picha ya kikosi kikiwa kimesimama mstarini, umwombe kapteni ayataje majina kutoka kushoto kwenda kulia, na kando ya kila jina uandike alama: soksi nyekundu, kiatu cheupe, kitambaa mkononi. Picha ya kikosi ni lazima uipige hata hivyo, kwa kuwa ndiyo inayonunuliwa na kila mtu.

Hesabu ya kasi

Anayeijua hesabu hii hatababaika tena na vitufe. Mpira uliopigwa kwa nguvu na kijana wa miaka 20 unaweza kwenda kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kila sekunde. Shata ikifunguka kwa 1/60 ya sekunde, mpira unasogea sentimita 42 kabla haijafunga. Mpira wenyewe una upana wa sentimita 22 hivi, basi kwenye picha utaonekana kama moshi. Kwa 1/250 unasogea sentimita 10. Kwa 1/1000 unasogea sentimita 2 na nusu, na hapo jicho la mnunuzi litauona mviringo wake. Mchezaji anayekimbia mita 7 kwa sekunde ni rahisi zaidi kumgandisha: kwa 1/500 anasogea chini ya sentimita moja na nusu. Lakini mguu unaopiga shuti huenda mbio kuliko mwili unaoubeba, na huo ndio watu wanaotaka kuuona.

Kwa hiyo anza na 1/1000. Mwanga ukipungua, shuka hadi 1/500 na usimame hapo. Chini ya hapo kuna kazi moja tu yenye maana: kumfuata winga anayekimbia mbele yako, ukizungusha kiuno pamoja naye kwa 1/60, ili yeye atoke wazi na watu nyuma yake wawe michirizi. Ni picha nzuri, lakini katika ishirini utapata moja. Ifanye timu ikiwa inaongoza mabao matatu na picha za lazima unazo tayari.

Kuipata 1/1000 kunahitaji mwanga, na mwanga huo hutoka sehemu mbili: tundu la lenzi na ISO. Lenzi nyingi tulizo nazo, zile za kuvuta mbali zinazofika milimita 250 au 300, hufunguka hadi f/5.6 tu zikivutwa mwisho. Liache tundu wazi kabisa, halafu upandishe ISO mpaka shata ifike unapotaka. Jua likiwaka kweli, ISO 200 kwa f/5.6 itakupa zaidi ya 1/1000. Mawingu yakitanda, panda hadi 800 au 1600. Baada ya saa kumi na moja jioni usione haya kwenda 3200. Najua wengi wanaiogopa ISO kubwa kwa sababu ya chembechembe zinazojaa kwenye picha. Mama akimwona mwanawe yuko hewani amewapita mabeki wawili, hatahesabu chembe. Ila sura iliyovurugika kwa shata ya polepole haitanunuliwa na mtu, wala haitarekebishika kwa programu yoyote.

Kwa fokasi, iweke kamera kwenye ile hali inayofuata kitu kinachosogea: AI Servo kwa Canon, AF-C kwa Nikon na Sony. Chagua nukta moja ya katikati, maana kamera ikiachiwa nukta zote itamchagua mwamuzi au shabiki mwenye shati la rangi kali. Nukta iweke kifuani pa mchezaji. Mpira uache, ni mdogo na unapotea.

Kamera ya zamani yenye fokasi nzito isikuvunje moyo, ipo njia ya wazee wa kazi. Chukua lenzi ya milimita 50, funga tundu hadi f/8, zima fokasi ya kujiendesha, na ulenge kitu kilicho mita 12 mbele yako. Kwa kamera zetu nyingi za kawaida, kila kilicho kati ya mita 7 na mita 50 kitatoka safi. Jua la alasiri na ISO 400 vitakupa shata ya kutosha, na wewe kazi yako itabaki moja tu, kungoja.

Mtu atauliza: si kamera inapiga picha mfululizo? Inapiga. Lakini kamera ya bei yetu hupiga tatu mpaka tano kwa sekunde. Mpira wa mita 25 kwa sekunde, ukipiga picha tano, unasafiri mita 5 kati ya picha moja na nyingine. Ukipiga tatu, unasafiri zaidi ya mita 8. Goli zima lina upana wa mita 7.32. Yaani mpira unaweza kutoka mguuni na kuingia wavuni kati ya picha mbili zako. Mfululizo ni msaada kwa anayebonyeza kwa wakati wake. Tumia mafaili ya JPEG, si RAW, la sivyo kumbukumbu ya kamera itajaa katikati ya shambulio, nayo itakuomba subira.

Mwanga wa alasiri na sura ya mchezaji

Hapa ndipo picha nyingi za Kalima zinapoharibikia, na ndipo ningependa msomaji akae zaidi.

Mechi zetu huanza kati ya saa tisa na saa tisa na nusu. Wakati huo jua limeshashuka nusu ya njia upande wa magharibi. Kipindi cha pili kikikaribia mwisho, karibu saa kumi na moja na robo, limebaki kidogo tu juu ya miti na linawapiga wachezaji usoni au mgongoni moja kwa moja. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta: jioni yetu haina kusita, jua likizama giza linafuata nyuma yake. Dakika za nyongeza huchezwa katika mwanga ambao si ule wa dakika ya sitini. Mpiga picha asiyebadilisha chochote tangu filimbi ya kwanza atakosa bao la mwisho, na bao la mwisho ndilo linaloulizwa.

Sasa tazama kilicho mbele ya lenzi: ngozi nyeusi, jezi nyeupe au ya manjano, anga lenye mawingu meupe, na ardhi nyekundu. Kamera hupima vyote hivyo kwa pamoja na kutafuta wastani. Anga likiwa kubwa ndani ya fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na sura ya mchezaji inageuka kivuli chenye meno. Hili ni jambo la zamani. Kwa miaka mingi filamu na mashine za kusafishia zilipimwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na watu weusi waliokaa karibu na watu weupe kwenye picha moja walitoka bila macho wala mashavu. Kamera za siku hizi ni bora zaidi, lakini bado hazijui kwamba uliyemlenga ni kijana fulani na si wingu lililo nyuma yake. Anayelijua hilo ni wewe.

Dawa yake ni kutoiacha kamera iamue. Iweke kwenye M, hali ya kupanga vipimo kwa mkono. Wachezaji wakipasha misuli, mpige mmoja akiwa karibu, ikuze picha kwenye kioo mpaka uone uso peke yake, ujiulize swali moja: macho yake yanaonekana? Kama hayaonekani, panda ISO hatua moja, upige tena. Endelea mpaka uyaone. Jezi nyeupe ikiungua kidogo, iungue. Anga likipotea, lipotee. Hakuna aliyekulipa kwa ajili ya anga. Vipimo ulivyovipata viache hapo hadi mwanga wenyewe ubadilike, kisha rudia jaribio lile lile kwa uso wa kipa, ambaye husimama sana na hana haraka. Kwa desturi yangu mimi hupima mara nne: kabla ya mchezo, dakika ya thelathini, mapumziko, na robo saa ya mwisho.

Ardhi yetu nyekundu ikiwa kavu na jua likiipiga, hurudisha mwanga juu, ukaingia chini ya nyusi na kidevu. Wapiga picha wa mahali penye nyasi za kijani hawana bahati hiyo. Ukipiga goti utaupata mwanga huo. Ukisimama wima na kupiga kutoka juu utaupoteza.

Flashi iache kwenye mfuko. Nguvu yake inaishia mita chache, haitamfikia mshambuliaji, na mwako wake machoni pa kipa ni sababu tosha ya mwamuzi kukuondoa.

Pa kukaa

Tarehe 25 Mei 1965, huko Lewiston, Maine, Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza. Neil Leifer, kijana wa miaka 22, alikuwa upande ambao Ali alisimama akimfokea Liston aliyelala, na picha yake hiyo inajulikana duniani kote. Ukiitazama vizuri, katikati ya miguu ya Ali utamwona mpiga picha mwingine upande wa pili wa ulingo. Ni Herb Scharfman, aliyekuwa na uzoefu mwingi kuliko Leifer, naye siku ile aliona mgongo tu. Ulingoni ukishakaa huwezi kuhama. Uwanjani unaweza, lakini wakati wa mapumziko tu. Basi ukae ukijua kwa nini umekaa hapo.

Kwanza jua. Liwe nyuma ya bega lako. Kama magoli yamekaa mashariki na magharibi, kaa upande wa goli la magharibi, wachezaji wanaokuja kwako watakuwa na mwanga usoni. Jua likiwa limefunikwa na mawingu, uko huru.

Pili, kaa nyuma ya mstari wa goli, kati ya mlingoti na kibendera cha kona, karibu hatua nne nje ya uwanja, upande wa timu inayoshambuliwa. Mpiga picha anayekaa katikati ya uwanja huona ubavu wa kila mtu na sura ya hakuna mtu. Ukikaa pembeni ya goli, timu nzima inayoshambulia inakimbia ikikutazama. Piga goti au kaa chini kabisa. Lenzi ikiwa kimo cha kiuno cha mchezaji, anayeruka ataonekana ameruka kweli, na nyuma yake utapata watu na miti badala ya vumbi tupu.

Tatu, angalia kilicho nyuma. Umati wa Kalima ni mandhari ya thamani: wanafunzi wamevaa sare, mama na beseni la karanga kichwani, watoto juu ya ukuta. Pikipiki zilizoegeshwa, choo cha shule na kamba ya nguo huharibu picha ambayo mchezaji ameifanya vizuri. Kusogea hatua mbili kulia mara nyingi kunatosha. Zungumza na watoto mapema, uwape mstari wao wa kukaa, uwaahidi picha moja ya pamoja, na ahadi hiyo uitimize mapumzikoni. Wakishaipata watakulinda wao wenyewe wasipite mbele ya lenzi.

Kuutangulia mpira

Penalti hupigwa kutoka mita 11. Kwa kasi tuliyoitaja, mpira unafika kwenye mstari wa goli chini ya nusu sekunde. Jicho lako likiona mguu umegusa mpira, mpaka kidole kibonyeze imepita robo sekunde hivi, na mpira umeshamaliza zaidi ya nusu ya njia. Ndiyo maana anayengoja kuona hupata wavu. Bonyeza mguu wa kusimamia unapokanyaga kando ya mpira, kabla ule mwingine haujapiga. Na uchague kabla: kipa au mpigaji. Mimi humchagua kipa, kwa sababu mpigaji kila mmoja anafanana na mwenzake, lakini kipa anayeruka hana mfano.

Kona nayo ina ratiba yake. Mpira wa kona unaingia kwenye kumi na nane kwa njia inayojulikana, na katika kila timu kuna mtu mmoja au wawili wanaoruka juu kuliko wengine. Umewaona wakipasha misuli. Umewaona kwenye kona ya kwanza. Kwenye kona ya pili sahau mpira kabisa. Weka nukta kifuani pa yule mrefu, na akianza kukunja magoti bonyeza. Mpira utajileta wenyewe ndani ya fremu.

Hivyo hivyo kwa mengine. Winga anayependa kukata ndani kwa mguu wa kushoto atakata tena. Beki aliyekwishaonywa na mwamuzi atachelewa tena. Mpiga picha wa mpira ambaye haujui mpira atabaki mtu wa bahati, kwa hiyo nenda mazoezini mara moja kabla ya mechi kubwa, bila kamera, ukae na kocha. Katika mambo yote ya mwongozo huu, hilo ndilo lisilo na gharama na ndilo linaloongeza picha nyingi zaidi.

Bao likiingia, usishushe kamera. Sherehe ndiyo nusu ya picha, na si lazima iwe pale mpira ulipo. Tarehe 14 Desemba 2010, mjini Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi iliifunga Internacional ya Brazili 2–0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya kipa Robert Kidiaba, upande wa pili wa uwanja, akirukaruka kwa makalio juu ya nyasi. Waliomjua walishageuza lenzi kwake. Waliomfuata mfungaji peke yake walikosa. Kwenye kila timu ya wanafunzi yuko Kidiaba mmoja. Mjue ni nani, na uhesabu moja, mbili, kisha ugeuke kumtazama. Geuka pia kwa waliofungwa. Kipa aliyekaa chini akishika nyavu anastahili picha yenye heshima kama ya mfungaji.

Simu, vumbi, mvua

Anayefanya kazi kwa simu asivute picha kwa vidole, maana hapo anakata ubora tu. Asogee karibu, apige wakati wa jua, na achague matukio yanayomjia: kurusha mpira, kona iliyo karibu, sherehe. Mechi nzima ya mbali simu haiiwezi.

Vumbi la kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, huingia kwenye kila mwanya. Usibadilishe lenzi uwanjani. Miezi mingine ya mwaka mvua inaweza kushuka bila taarifa: mfuko wa plastiki uliotobolewa tundu la lenzi na kufungwa kwa mpira wa nywele unatosha. Usikimbie mvua haraka. Matope mekundu yakiruka kutoka kiatuni yanaonyesha kasi kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kupiga.

Mipaka ya kazi

Kamera isielekezwe kwa askari, kwa uwanja wa ndege, kwa madaraja wala kwa machimbo ya bati, hata kama yako nyuma ya mchezaji tu. Mtu akikuuliza, mwonyeshe karatasi na picha zenyewe kwa utulivu. Usibishane naye mbele ya umati.

Mchezaji akiumia, piga picha moja ya wenzake wakimsaidia, halafu shusha kamera. Mguu uliovunjika si wa kuuza. Kwenye mechi za wasichana kuna wanunuzi wanaotaka picha zisizohusu mpira. Picha kama hizo zifutwe hapo hapo, na wanaoziomba waambiwe hapana waziwazi. Wanafunzi wadogo wana wazazi, na picha zao kwenye matangazo ya duka au ya mwanasiasa zinahitaji ruhusa ya wazazi hao.

Baada ya mechi

Usiku huo huo pakua picha, uziweke mahali pawili, ndipo ulale. Kati ya mia nne chagua ishirini. Swali la kuchagulia ni hili: je, asiyekuwapo atajua kilichotokea? Uso, mpira, na mpinzani vikiwa pamoja ndani ya fremu moja, jibu huwa ndiyo. Ukikata picha, usikate kwenye viungo vya goti au kiwiko. Za simu zipunguze ukubwa kabla ya kuzituma, data ni ghali. Za kuchapisha zibaki na ukubwa wake wote, hasa kama zinasafirishwa kwenda Kindu.

Kisha andika maelezo ya kila picha. Wengi huyaruka, nami naona hapo wanaivunja kazi yao wenyewe. Tarehe 22 Juni 1974, kwenye Kombe la Dunia huko Gelsenkirchen, Zaire ilikuwa imefungwa na Brazili. Brazili wakapata mpira wa adhabu, na beki Mwepu Ilunga akachomoka kwenye ukuta akaupiga mpira mbali kabla haujachezwa. Picha zikazunguka dunia, na chini yake watu wakaandika kwamba Waafrika hawa hawajui hata sheria za mchezo. Walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka huo huo. Mwepu alieleza miaka mingi baadaye kwamba sheria alizijua vizuri na alifanya vile kwa makusudi, kwa hasira ya wachezaji kucheza huku wengine wakifaidi pesa. Picha ilikuwa ya kweli, shata ilifunguka kwa wakati wake. Maneno ndiyo yaliyomkosea, na hayo yalimfuata hadi uzeeni.

Basi andika unachokijua: jina, timu, tarehe, dakika, kilichotokea. Usichokiona usikiandike. Kijana wa chuo unayempiga leo huenda kesho akachezea AS Maniema Union ya Kindu, iliyofika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024/25 na kupangwa na Mamelodi Sundowns, Raja na AS FAR, na watu wakatafuta picha yake ya kwanza. Niliwahi kuonyeshwa na mzee mmoja, aliyefanya kazi ya bati enzi za kampuni ya Sominki, picha ya kikosi cha ujana wake. Aliwataja wenzake tisa. Wawili waliobaki aliwatazama muda mrefu, kidole kikiwa juu ya nyuso zao, na nyuma ya picha hapakuwa na neno.

Picha zilizochapishwa ziandikwe nyuma kwa wino usiofutika, majina yakienda kutoka kushoto kwenda kulia. Na unapompelekea kapteni bahasha yake, mwombe ayasome majina kwa sauti mbele yako. Akisema moja limekosewa, lirekebishe hapo hapo, kisha urekebishe na kwenye daftari lako.